Mjadala: Je, "kwa kiasi" ni ushauri wa afya au ni kisingizio?

Ndugu wasomaji,

Naomba tulijadili jambo hili kwa utulivu, kwa sababu kila linapotajwa linatugawa. Wako wanaoamini kwamba anayetaka afya njema hana budi kujiwekea masharti makali na kutoyavunja hata siku moja: sukari marufuku, mazoezi kila alfajiri, usingizi kwa saa ya ukutani. Wako pia wanaosema kwamba kila kitu kifanywe kwa kiasi, basi. Kundi la kwanza huwajibu kuwa neno "kiasi" halimfungi mtu yeyote, kwa kuwa kila mmoja hulipima kwa kibaba chake, na hata mlevi husema anakunywa kwa kiasi. Hoja hiyo ni nzito, nami sitaikwepa. Hata hivyo, msimamo wangu ni kwamba kwa mambo mengi ya kila siku kiasi ndiyo njia iliyo sahihi, mradi tukubali kwamba kiasi ni kipimo chenye tarakimu na mipaka, wala si ruhusa ya kufanya tupendavyo.

Nianze na lililonikuta mwenyewe. Miaka michache iliyopita nilijifunga kutembea hatua 10,000 kila siku, nikizihesabu kwa simu. Usiku mmoja, saa tano na dakika arobaini, nilikuwa nimefikisha hatua 9,200, na nilikuwa nikienda na kurudi kati ya mlango wa chumba na dirisha, nikikanyaga kwa ncha za vidole ili watoto wasiamke, huku goti la kulia likiwa limevimba tangu juzi yake. Mwenzangu aliinua kichwa kutoka kwenye mto wa kulalia, akauliza, "Bado?" Nikamjibu kwamba zimebaki mia nane. Wiki hiyohiyo goti lilikataa kabisa, nikalala bila kutimiza hesabu, na asubuhi yake sikutembea hata zile hatua chache ambazo goti lingeziruhusu, kwa sababu moyoni nilikwisha kujihesabu kuwa nimeshindwa. Sikurudi barabarani kwa miezi minne. Goti lilipona baada ya siku kumi. Kilichoniweka ndani muda wote uliobaki ni lile sharti.

Baadaye ndipo nilipojua nambari ile ilikotoka. Mwaka 1965, mwaka mmoja baada ya Michezo ya Olimpiki ya Tokyo, kampuni moja ya Japani ilianza kuuza kifaa cha kuhesabia hatua kilichoitwa Manpo-kei, yaani kipimo cha hatua elfu kumi. Lilikuwa jina la bidhaa, wala halikuwa matokeo ya utafiti. Mwaka 2019, I-Min Lee na wenzake nchini Marekani walichapisha utafiti uliofuatilia wanawake zaidi ya 16,000, wastani wa umri wao ukiwa miaka 72. Waliotembea takriban hatua 4,400 kwa siku walikuwa na vifo vichache kwa tofauti kubwa kuliko waliotembea takriban 2,700, na nafuu hiyo iliendelea kuongezeka hadi kufikia hatua 7,500 hivi, kisha ikatulia. Ni utafiti wa wanawake wenye umri mkubwa, na si haki kumbebesha kijana nambari zake. Lakini unaonyesha kwamba faida kubwa iko mwanzoni mwa njia, pale mtu anapoacha kukaa kutwa na kuanza kutembea. Zile hatua mia nane nilizozifukuzia usiku hazikustahili goti langu.

Hapa wenzetu wa masharti makali huleta hoja ambayo naiona kuwa bora kuliko zote walizonazo. Wanasema: mwambie mtu afanye mia, atafanya hamsini, mwambie hamsini, atafanya kumi, kwa hiyo ushauri unaotolewa kwa umma uwekwe juu kwa makusudi. Nimeifikiria sana, na nina pingamizi mbili. Kwanza, ni kuwaficha watu ukweli kwa nia njema, na atakayegundua kwamba alitiwa chumvi katika jambo moja hataamini tena hata pale anapoonywa kwa haki. Pili, nambari ya juu humvunja moyo yule hasa tunayetaka ainuke. Mtu mzito, mwenye presha na kazi ya kukaa kuanzia asubuhi hadi jioni, akisikia kwamba chini ya saa moja ya mazoezi kila siku ni bure, haendi kufanya nusu saa. Anabaki alipo.

Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2020 umelishughulikia jambo hili kwa namna ninayoipenda. Kwa watu wazima unataka dakika 150 hadi 300 za mwendo wa wastani kwa wiki, au dakika 75 hadi 150 za mazoezi ya nguvu, na umeachana na lile sharti la zamani kwamba mazoezi yasiyofika dakika kumi mfululizo hayahesabiki. Tazameni kwamba hesabu ni ya wiki, na ina chini na juu. Jumatatu ikiharibika kwa mgonjwa nyumbani au kwa mvua, Alhamisi inaweza kuifidia. Hesabu ya siku haisamehi: ikifika saa sita usiku siku imekwisha, na aliyekosa amekosa. Mimi naona kwamba tofauti hii ndogo ya namna ya kuhesabu ndiyo inayotenganisha tabia inayodumu na ile inayokufa baada ya mwezi.

Nao ushahidi wa namna watu wanavyoanguka upo tangu zamani. Mwaka 1975 Peter Herman na Deborah Mack waliwapa washiriki wa jaribio lao kinywaji kizito cha maziwa na sukari, kisha wakawaachia aiskrimu wale watakavyo. Wasiokuwa na desturi ya kujinyima walikula kidogo kwa sababu walikuwa wameshashiba. Waliozoea kujinyima walifanya kinyume, wakala zaidi kuliko wenzao wa namna hiyo ambao hawakupewa kinywaji chochote. Sharti lilikuwa limeshavunjika, kwa hiyo hapakuwa na cha kulinda. Kwa upande mwingine, Phillippa Lally na wenzake wa University College London waliwafuatilia watu 96 waliokuwa wakijijengea tabia mpya, wakachapisha matokeo mwaka 2010: tabia ilichukua takriban siku 66 kuzoeleka, wengine siku 18 tu, wengine ikakadiriwa kufikia 254, na kukosa siku moja hakukudhoofisha zoezi zima kwa kiasi cha kutajwa. Laiti ningalijua hilo asubuhi ile ya goti.

Kuna upande mwingine ambao wapenda masharti huusahau, nao ni kwamba hata kitu chema hudhuru kikizidi. Ngoma ikivuma sana hupasuka. Wapimaji walipochunguza damu ya wakimbiaji 488 mwishoni mwa mbio za Boston mwaka 2002, asilimia 13 walikuwa na upungufu wa sodiamu, madini ya chumvi ambayo mwili unayahitaji, na kunywa maji kupita mahitaji kulikuwa miongoni mwa sababu kuu. Mfano unaonigusa zaidi ni wa betakarotini, kirutubisho kilichomo katika matunda na mboga kama karoti. Ilikuwa imeonekana kwamba watu wanaokula matunda na mboga kwa wingi hupata saratani ya mapafu kwa uchache, basi nchini Ufini wavutaji sigara wanaume wapatao 29,000 wakaingizwa katika jaribio, na baadhi yao wakapewa vidonge vya miligramu 20 kila siku. Matokeo yalipotoka mwaka 1994, waliomeza betakarotini walikuwa wamepata saratani hiyo kwa asilimia 18 zaidi. Kitu kilekile ambacho mwilini hakina ubaya kikija kidogokidogo ndani ya chakula kilikuwa na madhara kilipokolezwa ndani ya kidonge.

Sasa nikiri mahali ambapo msimamo wangu unakoma. Tumbaku haina kiasi, na anayeitetea sigara yake mbili za jioni kwa maneno yangu ananisingizia. Kuhusu pombe, Shirika la Afya Duniani lilitamka mwaka 2023 kwamba hakuna kiwango kinachoweza kuitwa salama kwa afya. Na kwa aliyekwisha kutawaliwa nayo, kuacha kabisa mara nyingi ni rahisi kuliko kupima. Kwa mtu huyo sharti kali ni ukuta unaomkinga, na sina haki ya kuubomoa. Ninachokataa ni kuchukua dawa ya mtu huyo na kuwanywesha watu wote katika chumvi, matembezi, usingizi na mlo.

Ninachowadai wenzangu wa upande wa kiasi ni kwamba tuache kulitumia neno hilo likiwa tupu. Tunapozungumzia chumvi, tuseme chini ya gramu 5 kwa siku, ambazo hazijazi kijiko kimoja cha chai, tukihesabu pia iliyokwisha kutiwa katika vyakula vya kununua. Tunapozungumzia sukari ya kuongezwa, tuseme chini ya asilimia 10 ya nguvu yote tunayoipata katika chakula. Kibaba kikishakuwa kimoja kwa wote, ile hoja ya mlevi haina pa kusimama.

Nawaachia uwanja, na ningependa kuwasikia hasa ninyi mnaotetea masharti makali, kwa sababu kuna swali ambalo sijapata kujibiwa: mtu aliyevunja sharti lake jana usiku, leo asubuhi mnamwambia afanye nini?