Mafuta na gesi: waziri shupavu, au mtaalamu aliyekaa kiti kimoja miaka nenda rudi?

Wakuu, kila gesi ya Lindi ikitajwa, ugomvi wetu huishia kwenye mkataba: nani kasaini, tumepigwa au hatujapigwa. Mimi leo namleta Farouk al-Kasim.

Ni Mwiraki wa Basra, mtaalamu wa miamba ya mafuta. Mwaka 1968 alihamia Norway kwa kina mkewe, mtoto wao apate matibabu. Alishuka Oslo asubuhi, treni ya kwenda ukweni ni ya jioni. Akaona asizubae stesheni, akaenda Wizara ya Viwanda kuomba orodha ya kampuni za mafuta. Wakamwambia arudi baadaye. Kurudi, anakuta watu wamekaa wanamsubiri wamhoji! Kazi akapata.

Ekofisk, eneo kubwa la mafuta baharini huko Norway, ikagunduliwa mwishoni mwa 1969. Yeye ni mmoja wa walioandika muundo ambao Bunge liliupitisha 1972: Statoil, kampuni ya serikali, ifanye biashara, Kurugenzi ya Petroli isimamie, wizara ibaki na sera.

Mtasema hata sisi tunao. Kweli, Sheria ya Petroli ya 2015 hapa Tanzania imeipa TPDC, shirika letu la mafuta, kazi yake, na PURA, msimamizi wa uchimbaji, yake. Karatasi ipo. Lakini al-Kasim alikaa Kurugenzi karibu miongo miwili akisimamia rasilimali, na hapo ndipo penye utamu. Mafuta ya Ekofisk yamo kwenye mwamba wa chaki. Mwanzoni ilitarajiwa kutoka kama asilimia 17 tu. Kurugenzi ikataka maji yashindiliwe chini yayasukume. Kampuni iliyokuwa ikichimba hapo ikasitasita, gharama kubwa, mwamba utaharibika. Ikabanwa ifanye majaribio, na 1987 maji yakaanza kuingia. Sasa hesabu inacheza kwenye asilimia 50. Waziri wa miaka miwili angeanzia wapi kubishana na wahandisi kuhusu chaki?

Jamaa mmoja kaniambia mfano haufai, Norway ilikuwa na serikali iliyonyooka kabla ya mafuta. Nakubali nusu. Ila serikali hiyohiyo ingeweza kumjibu mgeni yule kwamba nafasi hakuna, apande treni yake.

Na Equinor ya Kitalu namba 2 cha gesi hapa kwetu ndiyo Statoil hiyohiyo, jina limebadilika 2018. Wanaokuja mezani wamezoea kubanwa na watu wa aina ya al-Kasim. Kijana wetu wa usimamizi akishaiva, mshahara wa kampuni unamwita. Tumlipe kiasi gani abaki, na nani yuko tayari kuona mtumishi wa umma analipwa kuliko mbunge?