Mhariri kanifutia kipande cha baiskeli bila hata kuniuliza

Wakuu, wakubwa shikamooni, wengine habari za usiku. Uzi ni mrefu, mwenye haraka apite. Leo nina hasira na sifupishi kitu.

Mimi naandika hadithi za mapenzi, nipo Makorora hapa Tanga. Miaka miwili nimerusha riwaya yangu kwenye kundi la WhatsApp, sehemu moja kila Alhamisi, wasomaji wanachangia buku mbili kwa mwezi. Ilipoisha nikaamua kuitoa kitabu. Nikampata mhariri Dar, tukakubaliana laki nne, nusu kabla, nusu kazi ikikamilika. Juzi kanirudishia mswada. Nafungua sura ya 9, kipande cha baiskeli hakipo! Hakijapigwa mstari, hakijawekewa alama, kimefagiliwa tu. Pembeni kaandika maneno mawili: "Hakina kazi."

Kwa ambao hamkuwa kundini: Hamza ni fundi baiskeli Ngamiani. Mvua inanyesha, Mwanaidi anatakiwa Raskazone kwa shangazi yake, Hamza anajitolea kumpeleka. Anakaa kwenye keria, upande, mwavuli kamshikia yeye aliye mbele, mwenyewe analowa. Kabla hawajaondoka Hamza anaona buibui litanasa kwenye spoku. Hamgusi. Anakata kipande cha mpira wa tyubu, anampa, anageuka kuangalia ukuta mpaka Mwanaidi amalize kufunga pindo. Kisha anamwambia, "Tukifika barabara ya kwanza nina neno." Barabara za Ngamiani zinaitwa kwa namba, basi wanazihesabu. Ya kumi na tano, ya kumi na nne, ya kumi na tatu, Mwanaidi anazitaja moja moja na sauti inazidi kupungua. Wanafika ya kwanza. Hamza kimya. Wanavuka reli, kimya. Mpaka Raskazone hajasema.

Kurasa tisa. Siku niliyoirusha sehemu ile kundi halikulala. Mama mmoja wa Pangani alinitumia sauti ya dakika nne analia, kisha akanitukana.

Nikampigia mhariri. Akaanza na sauti ya mwalimu wa zamu: "Dada, mwandishi mzuri huua vipenzi vyake." Mnaijua hiyo? Kila mhariri anayo mfukoni. Aliyeisema ni Arthur Quiller-Couch, Mwingereza, akiwafundisha wanafunzi Cambridge mwaka 1914 (mwaka uleule Waingereza wenzake walipoivamia Tanga wakakutana na nyuki, ila hayo tuyaache). Na alikuwa anazungumzia mapambo: ile sentensi unayoiandika ukajiona fundi, iandike kwa raha zako, halafu ifute kabla hujapeleka kuchapwa. Kipande changu kina pambo gani? Mvua, mpira wa tyubu na namba za barabara.

Akaendelea kwamba kama nang'ang'ania safari, basi niihamishie Coco Beach, wanunuzi wako Dar. Sasa Mwanaidi akitokea Kinondoni atahesabu nini, mataa?

Nilipombana ndipo ukweli ukatoka. Kitabu huchapwa kwenye karatasi kubwa ambazo zikikunjwa kila moja inatoa kurasa 16. Mswada wangu bila baiskeli una kurasa 206, unaingia kwenye 208 bila shida. Ukiirudisha baiskeli unafika 215, na hapo huwezi kuongeza kurasa saba tu, unaongeza karatasi nzima, unalipia 224. Na yeye ndiye aliyenitafutia wachapaji, bei aliyonipa ni ya 208, hataki kurudi kwao kuongea upya. Basi! Angesema "dada, hela haitoshi" tungekaa tukapiga hesabu kama watu wazima. Kwa nini anitolee Cambridge?

Sasa niseme na langu, maana najua humu kuna watu watanichambua. Usiku ule nilikaa nikasoma riwaya yote bila kile kipande, nikitegemea itaanguka. Haikuanguka. Nilirekebisha sentensi moja tu sura ya 21, ile ambayo Mwanaidi anaukuta ule mpira ndani ya pochi yake ya zamani, na hadithi ikasimama wima kama vile hakuna kilichotokea. Hicho ndicho kilichoniuma kuliko mhariri. Tena kipande chenyewe nusu si cha kubuni, marehemu baba alimbeba mama vilevile, na mwavuli ulikuwa ule ule mweusi ambao sisi tuliukuta umebaki vyuma. Nikajiuliza, nakitetea kwa ajili ya Hamza au kwa ajili ya mzee wangu?

Nikakirudia mara ya tatu. Nikaona bila ile safari, Hamza anapokuja kusema neno lake sura ya 14 anakuwa kijana yeyote tu anayetongoza. Ukiwa umemsikia akikaa kimya mpaka Raskazone, neno lilelile linakuwa zito. Hadithi inasimama, ndiyo, lakini inasimama na mwanamume mwingine.

Kurasa za kupunguza zipo, wala hazikuwa mbali. Harusi! Kurasa kumi na moja, ukumbi, kamati, keki, MC, sare za mashangazi. Niliandika kwa sababu kundi lilidai, na mhariri hakugusa hata nukta. Nimeifuta leo mchana, nikabakiza Hamza anampelekea mama yake Mwanaidi barua ya posa kwa baiskeli ileile. 215 toa 11 ni 204. Wachapaji wasinisumbue.

Mashabiki wa harusi mtanisamehe, najua kundini kesho ni mvua ya mawe.

Mswada nimemtumia mhariri saa nne usiku, nikamwandikia kwamba nusu iliyobaki ataipata akishairudisha baiskeli mahali pake yeye mwenyewe, kwa mkono wake. Tiki zimegeuka buluu muda ule ule. Sasa hivi ni saa saba kasoro, naona "anaandika", inapotea, inarudi tena.