MREJESHO: Biskuti za limau zilizotandaa na sukari ya juu kuyeyuka

Wadau, niliuliza kwa nini biskuti zangu za limau zinatandaa kama chapati na sukari ya juu haigandi. Majibu yenu yamefanya kazi, asanteni sana.

Mbeya tuko juu, kama mita 1,700, hivyo bekingi pauda inaumua kwa nguvu zaidi. Nimeishusha kutoka kijiko kimoja cha chai hadi nusu. Vingine: unga gramu 200, siagi 115, sukari 100, yai moja, maganda ya malimao mawili. Kwangua rangi ya njano tu. Ile nyeupe ni chungu. Maganda yasugueni na sukari kwa vidole mpaka iloane na kunukia. Hapo ndipo ladha ilipo, siyo kwenye maji ya limau.

Donge likae frijini saa moja, kisha oveni nyuzi 180 za Selsiasi kwa dakika 11. Zitoke kingo zikianza tu kubadilika rangi, katikati bado laini.

Sukari ya juu: sukari ya unga gramu 120 kwa kijiko kimoja na nusu cha chakula cha maji ya limau, ipakwe biskuti zikiwa zimepoa kabisa. Nilikuwa napaka zikiwa vuguvugu, ndiyo maana ilikuwa inanyonywa.