Fundi wa boti amebadilisha vifaa vitatu vizima na kutuachia ubovu ule ule

Ndugu wanajukwaa, heshima kwenu nyote.

Naandika nikiwa na hasira na sitaificha. Tangu tarehe 9 Januari, kwa muda wa wiki saba, mimi na mume wangu tumeishi nusu gizani ndani ya boti yetu huku tukimlipa mtu aliyejiita fundi jumla ya pauni 1,250, na ubovu aliokuja kuuondoa ulikuwa pale pale siku aliyofunga sanduku lake la spana na kuondoka. Sitataja jina lake wala la karakana yake, kwa kuwa madai yangu dhidi yake bado hayajaamuliwa. Nitaeleza kazi aliyoifanya, ili mwenzetu mwingine anayeishi majini huku Uingereza asije akatendewa hivi.

Kwa wasioyajua maisha haya, boti yetu ni ya chuma, ina urefu wa futi 57 na upana usiofika futi 7, kwa sababu malango mengi ya maji (vyumba vyenye milango vinavyopandisha na kushusha boti) katika mifereji ya katikati ya Uingereza yalijengwa kwa kipimo hicho zaidi ya miaka 200 iliyopita, na chombo kipana zaidi hakipiti. Hatuna gati la kudumu. Tunahamahama kwenye mfereji wa Grand Union, na sheria ya mwaka 1995 inayotuhusu inatutaka tusikae mahali pamoja zaidi ya siku 14. Hakuna waya wa umeme unaotufikia. Tunategemea betri nne za volti 12, ambazo huchajiwa na alternata, kifaa kinachozalisha umeme injini inapowashwa, pamoja na paneli mbili za sola ambazo mwezi Januari, mchana ukiwa na saa 8 tu na jua limefunikwa na wingu, hazisaidii kitu. Betri hizo ndizo zinazoendesha taa, pampu ya maji ya kunywa na kuoga, friji, simu, na ile pampu ndogo inayozungusha maji ya moto kwenye mabomba ya kupasha nyumba joto. Chaji ikikatika, maji ya bombani hukatika, na usiku wa barafu mabomba yenyewe huwa katika hatari ya kupasuka.

Asubuhi ya tarehe 9 mita ilisoma volti 11.8 kabla hatujawasha hata taa moja. Betri za aina yetu, za madini ya risasi, zikijaa hutulia kwenye volti 12.7 hivi; zikisoma 12.2 zimebakiza nusu, na kuzishusha chini ya hapo siku baada ya siku ni kuziua. Tuliwasha injini kwa saa nne na mita haikupanda kupita 12.5, ilhali betri inayochajiwa sawasawa hupanda hadi 14 na ushei. Haya yote nilimweleza fundi kwa simu, namba kwa namba. Akasema atakuja baada ya siku mbili. Alikuja baada ya siku tisa, na kabla hajafunua hata mbao za sakafu ya tezi (sehemu ya nyuma ya boti) zinazofunika injini, akataka malipo ya awali.

Siku ile alitazama betri kwa macho, akauliza zina umri gani, nikamjibu miaka mitatu, akasema zimekwisha. Hakuchomeka mita mahali popote. Tukanunua kwake betri nne mpya kwa pauni 460. Jioni ile taa ziling'aa, kwa kuwa betri zilitoka dukani zikiwa na chaji, na baada ya siku tatu tukarudi kwenye 11.9. Nilipompigia simu alinijibu kwamba basi itakuwa alternata. Wiki nyingine ikapita, akaja akafunga alternata mpya kwa pauni 310 na kuondoka na ile ya zamani. Hali haikubadilika. Safari ya tatu akasema ni kigawa chaji, kile kifaa kinachopeleka umeme kwenye betri ya kuwashia injini na betri za nyumba, akakibadilisha kwa pauni 75. Zilizobaki, pauni 405, ni za safari zake tatu na saa za kazi.

Naomba msomaji atafakari jambo hili kwa makini, maana ndipo ilipo hasira yangu yote. Mtu huyu hakukosea mara moja kama binadamu yeyote awezavyo kukosea. Alikisia mara tatu mfululizo, na kila alipokisia gharama ya kukisia kwake ilitoka mfukoni mwangu, wala hakuwahi kuniambia kwamba anakisia. Laiti angesema tangu mwanzo, "Mama, sina hakika, tujaribu hiki," ningejua ninachokilipia. Alisema "imekufa" kuhusu vifaa vitatu, na vyote vitatu vilikuwa vizima.

Aliyegundua ubovu hakuwa fundi. Ni mama mmoja wa makamo, Mwingereza, ambaye boti yake ilifungwa nyuma ya yetu na ambaye ameishi majini kwa zaidi ya miaka ishirini. Alisikia injini yetu ikinguruma tangu saa 2 asubuhi hadi mchana kila siku (kanuni haziruhusu kuiwasha kati ya saa 2 usiku na saa 2 asubuhi), akaja kutuuliza kama tuna tatizo. Alipiga magoti pembeni mwa injini akiwa na mita ndogo ya bei rahisi. Kwanza alipima kwenye alternata yenyewe, kati ya nguzo yake ya chanya na mwili wake: volti 14.4. Kisha akapima kwenye betri: 12.5. Akatutazama, akasema kwamba umeme unazalishwa lakini unapotelea njiani. Akaweka ncha moja ya mita kwenye mwili wa alternata na nyingine kwenye nguzo ya hasi ya betri, injini ikiwa inaendelea kuzunguka. Namba iliyopaswa kuwa karibu na sifuri ilisoma 1.8, maana yake umeme ulikuwa unapotelea kwenye njia ya hasi.

Waya mnene wa hasi, unaotoka kwenye betri na kufungwa kwa bolti kwenye mguu wa injini, ulikuwa umelala chini ya mfereji mdogo wa chuma unaopaswa kukinga maji ya mvua yapenyayo kati ya mbao za sakafu. Mfereji huo ulikuwa umeziba kwa majani, na maji yalikuwa yakidondokea bolti hiyo tangu vuli. Alipoifungua, kutu ilitoka kwa mabamba kama ukoko wa chungu, na chini ya kichwa cha waya kulikuwa na unga wa kijani. Tuliisugua sehemu hiyo kwa brashi ya waya hadi chuma kikang'aa, tukakaza bolti mpya iliyogharimu chini ya pauni moja, tukapaka grisi. Tulipowasha injini, betri ilisoma 14.3. Kazi nzima haikufika dakika 40, na mama yule alikataa kupokea hata chupa ya asali.

Sasa mnisaidie kuelewa. Vipimo hivyo vitatu havihitaji mashine ya gharama wala elimu ya chuo kikuu, kwani kila fundi umeme wa magari kule Tanga au Kariakoo anajua kwamba kabla ya kuilaani alternata unakagua ethi, yaani ule waya wa hasi. Kwa nini basi mtu anayetoza pesa zote hizo kwa kufika tu asifanye hivyo?

Na hasara haikuishia kwenye pauni 1,250. Betri mpya nilizouziwa zimekaa wiki tano zikiwa na chaji pungufu, na betri za aina hii zikiachwa katika hali hiyo hujenga ukoko wa salfati kwenye mabamba yake ya risasi ambao baadaye hauondoki wote. Tayari haziwezi kukaa usiku kucha kama zilivyoweza siku ya kwanza. Maana yake ni kwamba alizitupa betri zangu ambazo huenda zilikuwa na maisha bado, akaniuzia mpya, kisha kwa kutotibu ugonjwa akaziharibu hizo mpya. Ongezeni dizeli ya saa nne na tano kwa siku, karibu lita moja kwa saa, iliyochomwa bure.

Kuna na jambo la pili, ambalo sikumtuma alifanye. Katika safari yake ya mwisho aliona maji yakidondoka pale mhimili wa rafadha (pangaboi linalosukuma boti) unapotokea nje ya boti, akazikaza nati za kizibo chake bila kuniuliza. Kizibo cha namna ile, chenye kamba iliyolowekwa grisi, hudondosha matone machache ili mhimili upoe. Ukikikaza kupita kiasi, mhimili husagana na kamba na kupata moto. Siku tuliyoondoka tulikwenda chini ya maili mbili, mume wangu akagusa pale akaondosha mkono kwa kuungua. Laiti tungeendelea mpaka jioni tungeharibu mhimili wenyewe. Babu yangu alikuwa fundi wa majahazi Tanga, na nilimwona nikiwa mtoto akikalafati mbao kwa pamba na kupaka deheni. Chombo kiliposhushwa majini hakuondoka. Alikaa ndani yake, akitazama maji yanaingia wapi na kwa kiasi gani, akifua ngama, yale maji yaliyoingia ndani, na kungoja mbao zinywe maji zivimbe, na hakudai salio la ujira wake mpaka mwenye chombo aridhike. Sidai fundi wa leo alale kwenye boti yangu. Nadai asubiri nusu saa injini ikiwa imewashwa, atazame mita, aguse mhimili, ndipo aandike ankara.

Nyumbani tunawaita vishoka wale wanaojipachika kazi ya umeme bila leseni, na kila mwenye nyumba hujihadhari nao. Huku kishoka anakuja na gari lenye nembo na ankara iliyochapwa vizuri, na mgeni kama mimi huamini kwamba nyuma ya nembo ile pana usajili fulani. Kumbe fundi wa gesi ndiye anayelazimishwa na sheria kusajiliwa anapofanya kazi kwenye boti ambayo watu wanaishi ndani yake. Wa injini na betri hakuna anayemdai cheti. Ukaguzi wa usalama wa boti, tunaoufanya kila baada ya miaka 4, unatazama hatari za moto, gesi na hewa ya sumu, na hautakwambia kama aliyefunga alternata yako alijua anachokifanya.

Nimemwandikia barua nikimkumbusha kwamba Sheria ya Haki za Mtumiaji ya mwaka 2015 inataka huduma itolewe kwa uangalifu na ustadi unaostahili. Nimempa siku 14 arudishe gharama ya alternata, ya kigawa chaji na ya saa za kazi, na anieleze atafanya nini kuhusu betri. Jibu lake la simu lilikuwa kwamba vifaa vimefungwa vizuri na vinafanya kazi, na hilo ni kweli, kwani hata vya zamani vilikuwa vinafanya kazi. Siku hizo zikipita nitapeleka madai mahakamani kwa utaratibu wa madai madogo, ambao hapa Uingereza hupokea kesi zisizozidi pauni 10,000.

Wapo watakaosema tuuze boti tukapange nyumba. Tafadhali, hilo siyo swali langu. Waliopanga nyumba nao huitiwa mafundi, nao wana haki ya kutodanganywa.

Ninachouliza ni hiki: je, yupo kati yenu aliyewahi kumshtaki fundi wa boti au wa gari kwa kubadilisha vifaa vizima, na alithibitishaje kwamba kifaa kilichotolewa kilikuwa kizima? Ninazo picha za mita zikionyesha 14.4, 12.5 na 1.8, ninayo bolti yenye kutu kwenye mfuko wa plastiki, na jirani yetu amekubali kuandika maelezo yake na kuyatia sahihi. Kinachokosekana ni alternata yangu ya zamani. Aliichukua akisema anakwenda kuitupa, nami nilimsaidia kuibeba mpaka kwenye gari lake. Nimeidai kwenye barua, na kila nikipiga simu naidai tena, kwa sababu ni mali yangu na ilikuwa nzima.