Vanila yangu ya sebuleni inaoza shina, nimekosea wapi?

MamaKibaraza (Dar):
Wadau habari za asubuhi. Mwezi wa tatu nilienda Zanzibar kwenye mashamba ya viungo, kijana aliyekuwa anatutembeza akanikatia kipande cha vanila urefu kama wa mkono hivi, nikakibeba kwenye boti nimekiviringisha na khanga mpaka nyumbani. Nikapanda kwenye ndoo ya rangi, udongo mweusi na mbolea ya kuku kama navyofanya kwa mchicha wangu, nikaweka dirishani, namwagilia kila siku asubuhi sikosi. Mwanzo ilikuwa safi hata ikatoa jani jipya, sasa hivi shina la chini limekuwa kahawia, ukilibonyeza linatoa maji, na majani ya chini yanageuka njano. Juu bado kijani. Nimekosea wapi jamani, na je itanizalia? Mume wangu anasema nimevuka bahari na jani la porini.

MuhayaWaMjini:
Pole dada. Hiyo umeizamisha. Vanila ni okidi, sio mchicha, kile kimzizi kinachotoka kwenye kila kifundo mkabala na jani ndo kinashika mti na kunyonya unyevu. Kwetu Bukoba tunaipandisha kwenye mibono, chini tunafunika na majani makavu tu basi, udongo mzito uliojaa maji unaiozesha haraka sana.
Usisubiri, chukua kisu kisafi kata juu ya palipooza, ukiona bado kuna doa la kahawia katikati ya shina kata tena juu zaidi mpaka uone kijani tupu. Utomvu wake unawasha usijipake. Kitundike kivulini siku kadhaa kidonda kikauke. Halafu tafuta makumbi ya nazi, yachambue, changanya na vipande vya mkaa, ndoo itoboe chini. Simika mti katikati umezungushiwa makumbi na ukifunge mmea hapo kwa kitambaa laini. Maji weka makumbi yakianza kukauka, sio kwa ratiba ya mchicha. Na hiyo ya kuku wape mchicha wenyewe.

Kijani254:
Naongezea kuhusu jua. Yangu niliweka dirisha la magharibi ikaungua majani madoa meupe, nikahamisha upande wa jua la asubuhi na pazia jepesi ikatulia. Ila mimi niko Nairobi, Julai baridi ikiingia inagoma kabisa haikui hata sentimita, Dar nyinyi joto mnalo, hamna shida hiyo.

MamaKibaraza:
Asanteni sana. Na kuzaa je?

MuhayaWaMjini:
Hapo usijipe presha hahaha. Kutoka kipande hesabu miaka 3 hivi na iwe imerefuka kweli, mita kadhaa, ndo maana shambani tukiona imefika juu tunaikunja ining'inie chini, ikining'inia ndo inashawishika kutoa maua. Ua linafunguka asubuhi, mchana limeshasinyaa, na kwetu hakuna mdudu wa kutegemea, asili yake ni Meksiko huko, kwa hiyo unachukua njiti ya meno, unainua kile kiutando kinachotenganisha dume na jike halafu unabana kwa kidole gumba. Ujanja huo aliugundua mtoto wa miaka 12, Edmond Albius, mtumwa kisiwani Réunion mwaka 1841, na mpaka leo bibi yangu anafanya hivyo hivyo kila asubuhi msimu wa maua. Podo, yaani tunda lake, likishika linakaa miezi 8 au 9, na ukilichuma halinukii chochote, harufu inakuja baada ya kulichovya maji moto na kulianika na kulifunika blanketi wiki nyingi. Sebuleni ichukulie ni ua la majani.

MamaKibaraza:
Nimekata. Vimebaki vifundo vitano, kimoja kina kimzizi cheupe kama uzi, nimekitundika jikoni juu ya friji. Makumbi nimeomba kwa muuza madafu hapa nje, kacheka lakini kanipa mfuko mzima bure. Mume anauliza kama na yeye atatundikwa.