Familia za wanafunzi shule ya kata: zipangwe vipi zisife baada ya mwezi?

MwalimuPwani_Lindi

Habari za jioni walimu wenzangu, na shikamooni wakubwa.

Tupo sekondari ya kata, ya kutwa, mkoani Lindi. Wanafunzi ni 312: kidato cha kwanza 110, cha pili 84, cha tatu 66, cha nne 52. Walimu 11 ukimwacha mkuu. Watoto wanatoka shule za msingi saba, na wale wa mbali wamepanga mageto jirani na shule. Kila kijiji kinakaa kivyake, wadogo wanatumwa na wakubwa kuchota maji na kufua, na nasaha za paredi kila asubuhi haziwaingii. Tumekubaliana kuanzia Januari tuwagawe katika familia zenye vidato vyote, kila familia na mwalimu mlezi. Naomba muundo: ukubwa, muda, uongozi, na mambo yanayoua mpango wa namna hii. Fedha karibu hakuna.

MleziMasasi

Pole na kazi, Mwalimu. Piga hesabu kwa kuanzia walimu, wanafunzi wafuate. Familia isiyo na mtu mzima anayewajua wote kwa majina hugeuka genge la wakubwa la kuwatumia wadogo, yaani kilekile mnachokikimbia. Walimu 11, kila mmoja familia mbili, ni familia 22. Wanafunzi 14 kila moja, na nne zitakuwa na 15. Ndani yake mtapata wa kidato cha kwanza 5, cha pili 3 au 4, cha tatu 3, cha nne 2 au 3. Msizidishe hapo. Kundi likifika 20 wale wapole hukaa muhula mzima bila kufungua mdomo.

Wasichaguane. Chukueni rejista, andikeni kila jina kwenye kikaratasi, tenganisheni kwa kidato na jinsi, kisha gaweni kama karata. Baada ya hapo ndipo mrekebishe kwa mkono. Kila wa kidato cha kwanza awe na mwenzake walau mmoja wa familia anayepita naye njia moja kurudi nyumbani, maana kazi kubwa ya familia hizi hufanyika njiani, siyo kwenye kikao. Waliotoka shule moja ya msingi wasizidi watatu katika familia moja. Wa mageto watawanywe. Ndugu wa tumbo moja watenganishwe, kwa sababu mkubwa atamwendesha mdogo wake vilevile anavyomwendesha nyumbani.

Muda uwe ndani ya ratiba. Ukiweka baada ya masomo, wanaotembea mbali wataondoka, na wasichana watakaobaki watafika kwao giza limeingia. Jumanne familia 11, Alhamisi 11 zilizobaki, saa 8:00 hadi 8:40 mchana. Nusu moja ikiwa kikaoni, nyingine inajisomea madarasani chini ya viranja wa madarasa, mkuu akipita. Kila familia iwe na mahali pake pasipobadilika, hata kama ni chini ya mwembe tu. Wakae duara, na mlezi akae wanapokaa wao. Akisimama mbele yao, tayari ni paredi nyingine.

Dakika 40 zigawanywe hivi: dakika 5 mahudhurio, na kuhusu kila asiyekuwepo aulizwe mwenzake aliyepita kwao. Dakika 15 kila mtu aseme jambo moja lililomwendea vizuri au vibaya wiki hiyo, kwa zamu kuzunguka duara. Kupita bila kusema ruksa, lakini si wiki mbili mfululizo. Dakika 15 tatizo moja tu, walichague wao: mapanya ya geto, fulani hana daftari, foleni ya bombani. Dakika 5 za mwisho katibu aandike azimio lenye jina la mtu na siku. "Tushirikiane zaidi" si azimio. "Hamisi na Zuhura watapita kwa Asha Jumatano jioni wampelekee noti za Bayolojia" ndilo azimio, na kikao kijacho kinaanzia hapo. Vifaa vyenu vyote ni kaunta buku moja kwa familia, likae ofisini.

Mwenyekiti na katibu watoke kidato cha tatu. Cha pili wana upimaji wa kitaifa na cha nne wana mtihani, vyote kuelekea mwisho wa mwaka, kwa hiyo ukiwakabidhi uongozi watauacha Septemba. Mtunza mahudhurio awe wa kidato cha kwanza. Ni kazi ndogo, lakini inamlazimu kaka wa kidato cha nne kumweleza mdogo kwa adabu kwa nini hakuonekana. Badilisheni vyeo kila muhula.

Vinavyoua: mlezi kuhutubia (akisema zaidi ya robo ya muda, kikao kimekufa), matangazo ya ofisi na madai ya michango kupenyezwa humo, na mlezi kukosa mara mbili mfululizo. Kwa hilo la mwisho, unganisheni walezi wawiliwawili, na mahali pamoja watatu, washikiane zamu. Mwalimu akihamishwa, familia isivunjwe. Mrithi apewe kaunta buku na asome maazimio yote kabla ya kukaa nao.

BiUnasihi

Mwenzangu ameshaeleza muundo, mimi naongezea pale penye hatari.

Kutumwa kwa wadogo hakuondoki kwa kukataza tu. Andikeni mipaka inayoeleweka na muisome siku ya kwanza kwenye kila familia: hakuna kumfulia mwingine, hakuna kumchotea mwingine maji, hakuna kumtuma mtu dukani kwa fedha ya huyo anayetumwa. Kisha mpeni mkubwa wajibu wa kweli, la sivyo atautafuta wa uongo. Kila wa kidato cha tatu na cha nne apewe mdogo mmoja wa kumwonyesha maktaba, kumkagulia daftari moja kwa wiki na kumpeleka kwa mlezi akiwa na shida. Kiranja hana ruhusa ya kumchapa mtu, kwa hali yoyote. Kanuni za viboko za mwaka 2002 zinampa mamlaka mkuu wa shule au mwalimu aliyemwidhinisha kwa maandishi, visizidi vinne, na vinaandikwa kitabuni. Wanafunzi walijue hili wazi.

Wawili wakigombana, wasikalishwe wakiwa na hasira. Watenganisheni, na kesho yake waitwe mbele ya mlezi na mwenyekiti. Maswali ni matatu, na kila mmoja anajibu bila kukatizwa: nini kilitokea, nani ameumia na kwa namna gani, nini kitarekebishwa na lini. Msiwalazimishe kupeana mikono. Kilichoharibika kirudishwe au kitengenezwe, na baada ya wiki mbili mlezi aulize tena. Mambo haya msiyasuluhishe kabisa kwenye familia: udhalilishaji wa kingono, mimba, silaha, kupigwa nyumbani. Hayo yanakwenda siku hiyohiyo kwa mkuu, kwa afisa ustawi wa jamii na dawati la jinsia na watoto la polisi. Namba 116 ya kuwasaidia watoto ni bure, ibandikwe mahali mtoto anapoweza kuisoma bila kutazamwa. Na mlezi asimwahidi mtoto kwamba "hili litabaki kati yetu". Amwambie mapema ni yapi atalazimika kuyapeleka mbele.

Halafu kuna jando na unyago, ambalo wengi tunalipita kimya. Likizo ya Juni na ya Desemba zikiisha, wapo wanaorudi wakijiona watu wazima na kuwaita wenzao wasungo, yaani wasiopitia jando wala unyago, hasa watoto wa watumishi waliotoka mikoa mingine. Tusi hilo lipigwe marufuku kwa jina lake, tangu kikao cha kwanza cha muhula. Wazee wetu msiwaweke kando, wanasikilizwa kuliko sisi. Mwalikeni nyakanga mmoja na kungwi mmoja, wale wanaoongoza jando na unyago, mkae nao kabla mkubaliane mada: kumsalimu mkubwa, kumlinda mdogo, kutunza neno la mtu. Ya ndani ya mafunzo yao yabaki huko huko. Nusu saa inatosha.

MwalimuPwani_Lindi

Asanteni sana wakubwa, naandika yote. Mawili bado: msimu wa korosho utatuvunja, kuanzia Oktoba madarasa yanapungua. Na je, tuzishindanishe familia kwa alama?

Shambani_Newala

Nianze na alama kwa sababu ni fupi. Msizipe familia alama za matokeo ya mitihani. Mtoto dhaifu ataonekana mzigo na wenzake watamchukia. Pimeni mahudhurio, usafi wa eneo lao na maazimio yaliyotekelezwa, na kila familia ilinganishwe na mwezi wake uliopita.

Msimu wa korosho maandalizi yake ni Agosti. Kila familia iandike nani wazazi wake watahamia shambani, nani atabaki na bibi, nani huokota kwa malipo. Wale wa shambani wapangiwe mwenyeji ndani ya familia, kwa makubaliano ya wazazi wa pande zote mbili, yaandikwe na mtendaji wa kijiji apewe nakala. Msichana akae kwenye nyumba yenye mama. Mtoto akikosa siku moja, jirani wa familia apite jioni hiyo. Siku ya pili mlezi apige simu. Ya tatu mlezi na mwenyekiti waende. Mkisubiri wiki, ameshazoea fedha ya kuokota na kumrudisha ni kazi. Mzazi msimwendee na vitisho, mwombeni Jumamosi na Jumapili zimtoshe.

Kazi ya pamoja isiyotaka fedha nyingi ni shamba la familia. Kila familia mkorosho mmoja. Elimu ya Kujitegemea ya 1967 ilitukuta na majembe, lakini shule nyingi ziliharibu kwa kufanya shamba kuwa adhabu. Mkimpeleka mkosaji hata mmoja kupalilia pale, wengine wote wataona haya kuonekana wakipalilia.

Nafasi ni mita 12 kwa 12, kwa hiyo miche 22 inataka kama robo tatu ya ekari, ongezeni kidogo ya njia. Mashimo sentimita 60 kila upande na kina hichohicho, yachimbwe Novemba, udongo wa juu uwekwe peke yake na ndio utangulie kurudi shimoni. Tafuteni miche iliyobebeshwa, yaani iliyounganishwa kikonyo cha mkorosho bora, waulizeni kituo cha utafiti wa kilimo cha TARI Naliendele pale Mtwara au afisa kilimo wa kata. Pandeni mvua ikishashika, Desemba au Januari, siku kidato cha kwanza wanapopokewa ikiwezekana. Mche uliobebeshwa huanza kuonyesha korosho karibu mwaka wa tatu, kwa hiyo aliyeupanda akiwa mgeni ataziona akiwa mwenyekiti, na hapo hahitaji kuhimizwa.

Inayokufa hufa kiangazi cha kwanza, kati ya Juni na Novemba. Zamu ya kumwagilia ipangwe hadi ndani ya likizo, kwa majina ya wanaokaa jirani na shule, nusu ndoo kwa mche kila wiki, jioni. Matandazo ya nyasi yakae kiganja kimoja mbali na shina, yakigusa shina mchwa wanapanda. Na zungusheni miiba siku hiyohiyo ya kupanda, mbuzi hawasubiri kesho.