Naomba ushauri: ngalawa au boti ya faiba kwa uvuvi wa mshipi?

Kijana wa Bagamoyo
Wakuu, heshima kwenu. Nataka kuanza uvuvi wa mshipi huku Bagamoyo, nyavu sina mpango nazo. Nawalenga changu na chewa wa mwambani, na nguru akipita. Kutoka alfajiri, kurudi adhuhuri. Kuna ngalawa ya mwembe inauzwa, na boti ndogo ya faiba yenye mashine ya hp 15. Nichukue ipi? Na vifaa je?

Mzee wa Tanga Moja
Mwanangu, kwa changu wa karibu ngalawa inatosha. Upepo haulipiwi, na matengo, zile mbao za pembeni zinazoelea, yanaizuia isipinduke mkijazana upande mmoja kuvuta samaki. Ila usiinunue ikiwa majini. Ipandishwe mchangani, uchokoe tumbo lake kwa ncha ya kisu, hasa chini ya mguu wa mlingoti. Kisu kikizama kirahisi, achana nayo, gogo limeshaliwa na wadudu.

Mama Samaki
Mzee, shikamoo. Lakini upepo wa kusi ukikaza, Juni na Julai, mwenye tanga anashinda pwani. Mimi nanunua samaki mnadani: anayefika mapema na samaki wake kwenye barafu ndiye anayepata bei. Nakushauri faiba, mdogo wangu, ila piga kwanza hesabu ya petroli ya siku utakayorudi mtupu. Usipoiweza hiyo, chukua ngalawa.

Chubwi
Niongezee upande wa vifaa. Changu ana mdomo mdogo: nailoni nyembamba, ndoana ndogo, na ujue namba ya ndoana ikipanda, ndoana inapungua ukubwa. Chubwi, kile kizito cha kuzamisha mshipi, iwe nzito kiasi cha kugusa chini tu. Chewa akishaonja anakimbilia pangoni, kwa hiyo nailoni nene, na ukisikia mguso mvute papo hapo umtoe mwambani. Kwa nguru weka kipande cha waya juu ya ndoana, meno yake yanakata nailoni. Chambo ninachotumia mimi ni ngisi, hachomoki ovyo. Mwambani nenda maji mafu, siku ambazo maji hayapandi wala kushuka sana. Wakati wa bamvua, maji yakijaa na kupwa sana, mkondo unaupeleka mshipi mbali na chubwi haitulii.

Mzee wa Tanga Moja
Marahaba, mama. Kuhusu kusi umesema kweli.

Kijana wa Bagamoyo
Shukrani sana. Petroli ya kurudi mtupu siiwezi kwa sasa. Kesho naenda na kisu kuikagua ngalawa, kisha nimwone afisa uvuvi kuhusu leseni.

Mama Samaki
Na jaketi za kuokolea, kila mtu yake.